Usingizi wa Diski ya Saba

Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya jengo, upande ambao jua huchelewa kufika, na Viola Nakhungu alikipenda kuliko chumba kingine chochote mjini Kitale. Kilikuwa na dirisha moja lenye pazia la kijani na rafu moja ya chuma, na katika rafu hiyo diski kumi na mbili zilizunguka usiku na mchana. Mlio wake haukuwa kelele. Ulikuwa kama mvua inayonyesha shamba la jirani, unaisikia lakini haikuloweshi. Saa sita Viola alikuwa akiingia na kikombe chake cha chai, akaketi, akafumba macho, na mara nyingine hakujua kama amesinzia au yuko macho.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi sauti za Mlima Elgon: ndege, nyani, mianzi ikigongana kwa upepo, maporomoko ya maji, watu wakiita ng'ombe. Mkuu wake alikuwa Bwana Rotich, aliyewahi kufundisha jiografia, mtu mpole ambaye watu wote bado walimwita mwalimu. Viola, mzaliwa wa Kamukuywa, ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta, na hakuwa na msaidizi.

Shida yao ilikuwa stima. Mwaka huo wa 2008 ilikuja na kuondoka bila hodi. Walikuwa na paneli za sola paani na betri nne kubwa chini ya ngazi, lakini jua lilichojaza mchana diski zilikinywa chote, na kabla jogoo wa kwanza hajawika seva ilikuwa imezimika yenyewe. Kuzimika kwa namna hiyo huharibu mafaili. Bwana Rotich akasema kwa huzuni kwamba heri nusu ya diski zitolewe zifungiwe kabatini. Viola akaomba apewe wiki mbili kwanza.

Aliwaza jambo moja tu. Sauti nyingi mle ndani hukaa miezi bila mtu kuzitaka. Sasa diski izunguke kwa nini, ikiwa hakuna anayeiuliza neno? Nyumbani kwao, mama yake hakuacha moto uwake bila chungu. Alifukia makaa kwenye majivu, na alipotaka kupika alipuliza tu. Basi Viola akaandika maagizo mafupi kwenye seva: diski yoyote isiyoguswa kwa dakika ishirini isimame, na mtu akiomba faili lililomo, iamke.

Siku ya kwanza zilisimama moja baada ya nyingine, kila moja ikishusha pumzi ndefu. Viola akatabasamu. Lakini chai haijapoa, zikaanza kuamka tena, na hakuna aliyeziita. Zikalala, zikaamka. Ilikuwa hivyo siku nne. Viola alikaa mle na daftari, akiandika saa na dakika ya kila mwamko, hadi akajua ile mashine ina tabia gani. Kila mara ilikuwa ikijiandikia vijimaandishi vidogo, nani kaingia, joto limefika wapi, saa ngapi, na vijimaandishi hivyo ikivitawanya kwenye diski zote. Kwa neno moja tu la kuandika, ilikuwa inaiamsha diski nzima. Akavikusanya vyote akavipeleka kwenye diski ya kwanza, pamoja na zile sauti chache ambazo watu hawaachi kuziomba. Diski ya kwanza ikabaki macho kwa niaba ya wenzake. Zile kumi na moja zikalala kwelikweli.

Bwana Rotich alipokuja asubuhi alisimama mlangoni, akatega sikio, akauliza kama mashine imekufa.

"Hapana, mwalimu. Zimelala. Ukitaka moja, unaiita tu."

Kuanzia hapo betri zilivuka usiku hadi jua likatoka, na bado zikabaki na akiba. Viola akawa na furaha ya ajabu. Kimya cha chumba kile kilimwingia kama maziwa ya moto. Hata alipokuwa barabarani au kanisani alihisi kwamba mahali fulani kuna vitu vimepumzika kwa ajili yake.

Ila furaha nayo ina upofu wake. Kwa utaratibu, kila miezi mitatu kila diski ilipaswa kunakiliwa, na nakala ipelekwe Bungoma kwa Khisa, fundi mwenzake aliyetunza akiba ya kituo. Zamu ya diski ya saba, iliyotiwa kwenye rafu karibuni na haijawahi kunakiliwa, ilifika mwezi wa kumi. Siku hizo kulikuwa na mawingu, betri ziko chini, na kunakili diski nzima ni kuiweka macho saa nyingi. Viola akampigia Khisa akamwomba angoje. Mwezi wa kumi na moja akamwambia vilevile. Mwezi wa kumi na mbili hakumpigia. Alikuwa ameanza kuona kila mwamko kama upotevu, na kwenye daftari lake alikuwa akihesabu kwa fahari: diski ya saba, siku mia moja na kumi bila kuamka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, asubuhi ya baridi, akaja Kogo Chepkosgei.

Kogo ni nyanya kwa lugha yake, na pale kituoni wote walimwita hivyo. Aliishi juu ya Saboti, karibu na mpaka wa msitu. Zamani, mtafiti mmoja alimwajiri ambebee kinasa sauti mlimani. Mtafiti akaenda zake kwao, akamwachia kile kinasa, na Chepkosgei akaendelea peke yake miaka saba bila kulipwa na mtu, kwa sababu alikuwa amezoea kusikiliza. Kaseti zake alizitunza ndani ya mkebe wa unga. Kituo kilipofunguliwa alizileta zote, sauti zikahamishiwa kwenye diski, na kaseti zenyewe, zilizokwisha kuoza, zikatupwa. Sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, akitambua watu kwa kimo na kwa sauti, na mara chache alikuja kusikiliza msitu wake kwa hedifoni, mikono magotini, kama mtu aliye ibadani.

Safari hii hakuja kustarehe. Alieleza polepole kwamba kule kwao maji yamekatika. Mvua za vuli zilikuwa haba, kisima cha shule kimekauka, na akina mama wanatembea hadi mtoni na kurudi ndipo wapike. Zamani palikuwa na chemchemi, isiyokauka hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Mvua kubwa za elninyo zilipobomoa kilima, udongo uliifukia, na baadaye miti ikakatwa pakawa mashamba ya mahindi. Wanaume walikuwa wamechimba mara tatu mahali tofauti wakapata vumbi. Yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha mahali mara mbili, na mara zote mbili alikosea.

"Lakini niliwahi kutembea kutoka jiwe la mpasuko mpaka kwa maji, mashine ikiwa imewashwa," alisema. "Mwaka wa themanini na moja. Jiwe bado liko. Nitafutie hiyo, msichana wangu."

Viola akatafuta. Kaseti ya mwaka wa themanini na moja ilikuwa kwenye diski ya saba.

Aliiita. Diski ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayejikohoza akiwa usingizini, halafu kimya. Akaiita mara ya pili. Mara ya tatu hata ule mlio haukuwepo. Viola aliweka kiganja juu yake akasikia baridi ya chuma tu, na ile baridi ikampanda mkononi hadi kifuani. Akatoka nje, akampigia Khisa simu, akiomba moyoni kwamba labda, kwa bahati, nakala iko.

"Ya saba kwangu haiko, Viola," Khisa alijibu. "Si uliniambia ningoje? Bado nangoja."

Angeweza kumwambia Kogo kwamba mashine imeharibika, na Kogo angeamini. Lakini alirudi, akaketi mbele yake, akamweleza yote: jinsi alivyozilaza diski, jinsi alivyoahirisha nakala mara tatu ili asizisumbue, na kwamba kosa si la mashine, ni lake. Alipomaliza hakuweza kuinua uso. Bwana Rotich alisikia yote akiwa mlangoni.

Kogo aliuliza kama anaweza kuishika. Viola akaichomoa, akaitia kwenye mfuko wa kung'aa wa kuhifadhia diski, akamkabidhi. Yule mama akaipima mkononi, akaigeuza, akaigusisha shavuni.

"Hii imeshikwa na baridi," alisema. "Hata mashine yangu huko kwa mianzi ilikuwa inakataa hivi asubuhi. Nilikuwa naiweka kwa tumbo kwanza."

Viola akaitazama diski upya. Ndani ya diski, sahani huzunguka juu ya mafuta membamba kabisa, na diski hii ilikuwa ya zamani, ya msaada, iliyosimama miezi mitatu na zaidi katika chumba kisichoona jua. Mafuta yakiganda, mota haina nguvu ya kuanza. Akampigia Khisa tena. Khisa akakubali kwamba amewahi kuona jambo hilo. Akaonya kwamba diski kama hiyo inaweza kuamka mara moja tu katika maisha yake, kwa hiyo isiamshwe hadi kuwe na diski tupu kando yake na stima ya kutosha. Kitale siku hiyo stima haikuwepo, na betri zilikuwa zimechoka. Bungoma ilikuwepo. Khisa akasema waje, na waje na joto.

Bwana Rotich akatoa pikapu yake. Wakaketi watatu mbele, Kogo katikati, diski ndani ya sweta lake, juu ya tumbo, mikono imeifunika. Walipita Kiminini, wakapita Kamukuywa, mahali Viola alipozaliwa, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kutazama. Barabara ilikuwa ikishuka. Kila mteremko uliongeza joto kidogo, na baada ya Webuye upepo wa dirishani ulikuwa kama pumzi ya ng'ombe. Jasho lilimtoka Kogo lakini hakuvua sweta. Viola alisinzia, na katika usingizi huo mwembamba aliona mashamba ya miwa yakizunguka polepole, duara ndani ya duara, na katikati yake mwanamke akitembea bila kufika. Aliposhtuka walikuwa wameingia Bungoma.

Ofisi ya Khisa ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na mabati yake yalikuwa yamepigwa na jua tangu asubuhi. Khisa alikuwa mwembamba, mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alimwamkia Kogo kwa mikono miwili, akampa kiti, akaandaa nyaya. Kogo akaitoa diski. Ilikuwa na joto la mwili. Viola aliunganisha yeye mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mwingine abebe lawama, akabonyeza.

Kulikuwa na kimya. Halafu ule mlio wa kukohoa. Halafu, kwa mbali, kitu kikaanza kupanda, chembamba, kikiyumba, kikanyooka. Na mvua ya shamba la jirani ikawa inanyesha ndani ya ofisi ya Khisa.

Viola aliketi sakafuni. Bwana Rotich akavua kofia.

Kunakili kulichukua saa tano. Khisa hakuruhusu mtu kugusa meza. Faili la kwanza kuvuka lilikuwa lile la Kogo, na lilipofika salama kwenye diski mpya, Khisa alilifungua kutoka huko. Spika zikatoa mwanga wa asubuhi. Viola hakujua namna nyingine ya kulieleza. Ndege wakaanza mmoja mmoja, kisha wengi. Umande ukadondoka kutoka jani hadi jani. Sauti ya mwanamke kijana, karibu sana, ikasema maneno machache kwa Kisabaot, lugha ya kwao Kogo, na Kogo, akiwa amefumba macho, akawatafsiria: niko kwa jiwe la mpasuko, jua liko kwa shavu ya kushoto. Baada ya hapo ni nyayo tu, majani yakikatika, pumzi, nyayo. Dakika tisa. Mwisho, nyayo zikasimama, na maji yakasikika yakizungumza chini kwa chini.

Huko chini barabarani watu walikuwa wakipigia ng'ombe mbinja, na jasho liliwatiririka wote wanne. Hata hivyo Viola aliona vinyweleo vya mikono yake vimesimama kwa baridi.

Jumamosi iliyofuata alipanda Saboti, faili limo ndani ya simu yake. Wanakamati wa maji walikuwa wameketi juu ya majembe yao. Jiwe la mpasuko lilikuwepo kweli, kubwa kama nyumba, peke yake katikati ya mabua makavu. Hapakuwa na mti hata mmoja hadi kwenye ukingo wa msitu juu kabisa.

Kogo alijaribu kwanza. Alitembea na hedifoni masikioni, lakini miguu yake ya sasa haikuweza kuzifikia nyayo zake za zamani. Zilipokuwa hatua ya kumi yeye alikuwa ya saba. Akarudi anahema. Akampapasa Viola bega, akashuka hadi kiunoni kama mshonaji anayechukua vipimo, akasema kwamba siku zile walikuwa kimo kimoja. Tembea wewe, akamwambia, nipe mimi kazi ya kungoja.

Viola akavaa hedifoni. Aliweka jua shavu la kushoto, kwa kuwa ilikuwa saa ileile ya asubuhi, akafumba macho nusu. Mwanamke kijana akasema maneno yake, akaondoka, na Viola akaondoka naye. Alikanyaga kila alipokanyaga. Masikioni mwake msitu ulimfunika. Matawi yalipita karibu na uso wake, nyani walinong'onezana juu, na kitu kikubwa kikatoroka kwenye vichaka upande wa kulia. Miguuni kulikuwa na mabua na vumbi. Mwanzoni vitu hivyo viwili viligombana. Kisha vikaacha, na akawa anatembea mahali pote pawili, bila kujua ni papi palipo kweli zaidi. Mahali fulani pumzi ya yule mwanamke ilibadilika, kukawa na kishindo cha mguu juu ya mti ulioanguka, kisha cha mguu wa pili. Viola akainua miguu akavuka. Wanakamati walitazamana, kwa maana pale hapakuwa na kitu.

"Gogo ya mwerezi," Kogo alisema kutoka nyuma, ingawa hangeweza kumwona vizuri. "Sasa anapinda kidogo kushoto."

Na Viola alikuwa amekwisha kupinda.

Dakika ya tisa nyayo zikasimama, naye akasimama. Alisikia maji. Yalikuwa chini yake kabisa, mepesi, kana kwamba yamekuwa yakiongea muda wote. Alibaki hapo hadi faili likaisha, na hata baada ya kuisha hakufungua macho haraka. Alipoyafungua alikuwa kwenye mteremko wa vumbi jekundu, hatua arobaini hivi kutoka shimo la mwisho walilochimba wanaume.

Wakachimba siku ile wakakuta mawe. Siku ya pili hawakuchimba kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Jumatatu, mtu akiwa amezama kifuani, udongo ulibadilika rangi ukawa mweusi, na jembe likatoka na tope. Kufikia Alhamisi maji yalikuwa yanafika magotini, machafu kama chai ya rangi, na mwenyekiti wa kamati akaagiza saruji.

Diski ya saba haikuamka tena. Khisa aliijaribu mara mbili kwa kuwa alitaka kujua, na haikukohoa hata kidogo. Lakini kila kilichokuwamo kilikuwa salama Bungoma na Kitale. Viola hakuacha kuzilaza diski, maana betri bado zilikuwa nne na jua ni lilelile. Aliongeza agizo moja tu: kila Jumatatu, jua likiwa juu na betri zikiwa zimejaa, kila diski iamshwe kwa zamu, izunguke nusu saa, isomwe, kisha ilale tena. Na nakala hakuahirisha tena. Ule ukurasa wa daftari alioandikia siku mia moja na kumi hakuuchana. Bwana Rotich aliuona siku moja, akausoma, akafunga daftari, akalirudisha mahali pake.

Wakati wa Pasaka kamati ilimwalika. Chemchemi ilikuwa imejengewa, na bomba fupi la chuma lilitoka ukutani likitiririsha maji meupe yasiyo na haraka. Kulikuwa na maombi, kisha mwenyekiti akasema wanataka kuipa chemchemi jina la Kogo. Kogo akakataa. Alisema ina jina lake tangu zamani, akalitaja, na wazee wawili nyuma wakaitikia kwa vichwa kama waliokumbushwa jina la mtoto waliyesoma naye. Wanawake wakaanza kupanga mitungi. Mmoja akasuuza kikombe cha plastiki, akakijaza, akampa Viola kwa mikono miwili, na Viola akanywa yote bila kupumua, hadi meno yakamuuma kwa baridi.